Loki ya mtoto kwenye Benzi la mwaka 1981: ipo, ila huenda imezikwa na rangi

"Shikamoo fundi. Marehemu baba alituachia Mercedes-Benz 240D ya mwaka 1981, ile bodi ya W123, na ndilo gari letu la kila siku hapa Tanga. Nina watoto wawili, wa miaka sita na mitatu, wote wanakaa nyuma. Wiki mbili zilizopita tukitoka Muheza, mlango wa nyuma kushoto ulifunguka gari likitembea. Tulikuwa polepole, tunavuka matuta, na mkubwa alimdaka mdogo wake kwa shati. Mdogo alikuwa ameshika kishikio. Fundi wetu anasema magari ya zamani hayana loki ya mtoto, anataka kung'oa vishikio vya ndani vya milango ya nyuma. Mjomba anasema nibonyeze tu vile vipini vya juu karibu na kioo, inatosha. Mume wangu anasema tukiwafungia watoto kwa namna yoyote, siku ya ajali au moto hawatatoka. Nimsikilize nani?"

Marahaba, mwanangu, na poleni sana. Huyo mkubwa mnunulie zawadi. Mtoto wa miaka sita anayedaka shati kwanza ndipo apige kelele amewazidi watu wazima wengi.

Kila mmoja wa hao watatu ana kipande cha ukweli, na nitampa kila mmoja haki yake. Lakini kabla ya hapo kuna swali ambalo hukuuliza nami nalitaka liwe la kwanza. Una hakika kwamba mtoto ndiye aliyefungua mlango? Unasema alikuwa ameshika kishikio. Mtoto wa miaka mitatu anayerushwa na tuta hushika chochote kilicho karibu, na mlango ukianza kufunguka wenyewe, kishikio ndicho atakachokamata. Mlango uliofunguka juu ya tuta, kwenye gari la zaidi ya miaka arobaini lililoishi maisha yake kwenye hewa ya chumvi ya Tanga, unanitia shaka. Tuta hupinda bodi kidogo, na mlango ambao haukuuma sawasawa huachia hapo hapo. Ikiwa ndivyo, hata ukifunga loki kumi za mtoto, mlango utafunguka tena.

Nieleze kilichomo ndani ya mlango, ndipo mengine yataeleweka. Kwenye ukingo wa mlango, upande usio na bawaba, kuna kitasa chenye ulimi wa chuma unaozunguka. Mlango ukifungwa, ulimi huo unang'ata chuma kilichofungwa kwenye nguzo ya bodi; mimi hukiita kipokezi. Umbo la ulimi na kipokezi hutofautiana kati ya gari na gari, ila kazi ni moja. Ulimi una hatua mbili, nawe unazisikia: "tik" ya kwanza, kisha "tak" ya pili. Ya kwanza ni akiba tu, imewekwa ili mlango usifunguke mara moja ukifungwa vibaya. Ya pili ndiyo inayobeba uzito. Nyuma ya ulimi kuna kizuizi chenye springi kinachoushika usirudi nyuma, na hicho kizuizi ndicho kinachosogezwa na kishikio unapofungua. Kishikio cha nje kina njia yake ya kukifikia, cha ndani kina yake, kwa kawaida rodi nyembamba inayopita ndani ya mlango.

Sasa loki ya mtoto iko wapi katika habari hii? Haigusi ulimi. Haigusi kizuizi. Haigusi kishikio cha nje. Inachofanya ni kukata mawasiliano kati ya kishikio cha ndani na kizuizi, basi. Mtoto anavuta, rodi inakwenda, lakini mwisho wa safari yake haigusi kitu. Ni kama kukanyaga pedali za baiskeli kinyumenyume: miguu inazunguka, mnyororo unalia, gurudumu halina habari. Kwa hiyo loki ya mtoto haifungi mlango. Mlango unafungwa na ulimi na kipokezi, na loki ya mtoto inanyima ruhusa mkono mmoja tu, ule ulio ndani.

Tuje kwa fundi wenu. Kwamba magari ya zamani hayana loki ya mtoto, ni kweli kwa mengi na si kweli kwa lako. W123 zilitoka kiwandani Ujerumani kuanzia 1976 hadi katikati ya miaka ya 1980, karibu milioni 2.7, na milango yake ya nyuma ilikuja na loki ya mtoto. Fungua mlango wa nyuma, chuchumaa, utazame ule ukingo wenye kitasa. Karibu na kitasa utakuta kiswichi kidogo cha kusukuma kwa kidole. Usipokiona usishangae. Magari ya umri huu yamepigwa rangi mara mbili, tatu, na fundi rangi mwenye haraka hafuniki kitu, anapuliza juu ya kila alichokikuta. Nimewahi kukwangua tabaka tatu za rangi na puti juu ya kiswichi cha gari ambalo mwenyewe aliapa kwamba halina. Inawezekana pia mlango mmoja ulibadilishwa baada ya ajali ya zamani mnayoijua au msiyoijua, na kitasa kilichomo si cha asili. Kwa hiyo kagua kila mlango peke yake, usikague wa kulia ukaamini na wa kushoto.

Ukikikuta kimeganda, usikilazimishe kwa bisibisi na nyundo. Kikivunjika kitakuachia shimo, na hapo utahitaji kitasa kizima. Loweka kitambaa kwa tina, futa rangi pole pole, kisha nyunyizia mafuta mepesi ya kulegeza kutu, uache hadi kesho yake. Rudia. Kikianza kucheza hata kwa unene wa ukucha, endelea kukipeleka na kukirudisha hadi kiwe huru. Na tafadhali, msitie oili chafu ya injini kwenye kitasa. Najua ndiyo iliyo karibu na ni ya bure, lakini inakusanya vumbi na kugeuka tope, na tope ndilo linalofanya kizuizi kisirudi mahali pake. Safisha kwa dizeli, kausha, tia mafuta mepesi ndani, na grisi nyeupe kidogo kwenye ulimi.

Halafu jaribu. Jaribio hili lifanyike mlango ukiwa wazi, na hapa ndipo watu hujifungia nje wakabaki wanalizunguka gari. Shusha kioo kwanza. Weka kiswichi upande unaodhani ndio wa kufunga. Usiamini alama, alama huwa zimefutika au hazisomeki. Kwa mpini wa bisibisi sukuma ulimi wa kitasa uingie ndani kana kwamba umekutana na kipokezi: tik, tak. Sasa vuta kishikio cha ndani kwa nguvu zote za mtu mzima. Ulimi usitikisike. Vuta cha nje: ulimi uachie papo hapo. Rudia mara kumi, maana kitasa kilichochakaa hudanganya mara tisa na kukubali ya kumi. Ukimaliza hakikisha ulimi umebaki wazi kabla ya kuufunga mlango, la sivyo utagonga chuma kwa chuma na kupinda kitu.

Mlango ukipita hapo, ndipo urudi kwenye shaka yangu ya mwanzo. Shika ukingo wa mlango ukiwa nusu wazi, uinue juu kwa mikono miwili. Ukisikia unacheza na kugonga, bawaba zimelika, mlango umeshuka, na ulimi unakutana na kipokezi mahali pasipo pake. Ufunge taratibu, kisha uusukume kwa nje kwa kiganja karibu na kitasa. Mlango uliofika hatua ya pili hauendi popote. Ulioishia hatua ya kwanza utasogea, mara nyingi na mlio. Mtu akaingie ndani aketi, auegemee kwa bega na kuutikisa, gari likiwa limesimama uani, kioo chini. Tazama pia ule mpira unaozunguka mlango. Hili watu wengi hawalifikirii: mpira wa gari jingine, mnene kuliko wa asili, unausukuma mlango nje kiasi kwamba ulimi haufiki hatua ya pili isipokuwa ukiubamiza kwa hasira. Mtu mzima anajua kuubamiza, mtoto hajui. Kama mlibadilisha mipira siku za karibuni, naanza kumwondolea mtoto lawama.

Ukiniuliza kwa nini nashikilia sana ulimi na kipokezi, nitakurudisha miaka ya 1950. Wakati huo vitasa vingi vya magari viliachia gari likigongwa; bodi ikipinda kidogo tu, mlango unafunguka na watu wanamwagika barabarani, wakati wengi wangepona kama wangebaki ndani. Ford walipotoa vifaa vyao vya usalama kwenye magari ya mwaka 1956, kitasa kisichofunguka kwa mgongano kilikuwa mojawapo. Kwa Mercedes alikuwako mhandisi Béla Barényi, aliyebuni kitasa chenye pini ya umbo la kabari ili mlango ushikamane na bodi hata inapopinda. Kiliingia kwenye zile bodi za W111 za mwaka 1959, zenye mapezi nyuma. Benzi lenu ni mjukuu wa kazi hiyo. Ni gari lililotengenezwa na watu walioufikiria sana mlango, kwa hiyo mlango wake ukifunguka njiani ujue kuna kitu kimechakaa, usiseme ndivyo yalivyo magari ya zamani.

Mjomba naye. Anasema bonyeza vipini, na ushauri wake una historia. Marekani, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, sheria ilitaka kwamba mlango wa nyuma ukishafungwa kwa kipini, vishikio vyote viwili, cha nje na cha ndani, visifanye kazi. Kipini chenyewe ndicho kilikuwa ulinzi wa mtoto. Kasoro yake unaijua wewe kuliko mjomba: kipini kiko mbele ya macho ya mtoto, kinang'aa, kinavutika, na mtoto wa miaka mitatu ana siku nzima ya kukichunguza. Hata kama gari lenu lina ule mfumo wa kufunga milango yote kutoka kwa dereva, mtoto anaweza kuvuta cha kwake kwa vidole viwili. Tena magari hayafanani: kwa mengine ukivuta kishikio cha ndani kipini kinaruka chenyewe na mlango unafunguka. Jaribu lako uone liko upande gani.

Lakini kipini kina kasoro kubwa zaidi, na ndiyo inayonipeleka kwa mume wako. Hofu yake ni ya haki. Nami namwuliza: siku ya ajali, nani atakayewatoa watoto? Si mtoto wa miaka mitatu mwenyewe. Ni wewe, au yeye, au kijana wa bodaboda aliyesimama kusaidia. Wote hao watakuja kutoka nje. Loki ya mtoto ikiwa imefungwa na kipini kikiwa juu, mtu wa nje anavuta kishikio na mlango unafunguka kama kawaida. Kipini kikiwa chini, anavuta na hapati kitu, inabidi avunje kioo. Magari ya leo mengi hufungua loki yenyewe yakigongwa. La mwaka 1981 halina akili hiyo. Kwa hiyo kati ya njia hizo mbili, ile inayomtisha mume wako, loki ya mtoto, ndiyo inayoacha mlango wazi kwa mwokozi, na ile ya mjomba inayoonekana nyepesi ndiyo inayouziba pande zote mbili.

Naungama kuna jambo la mjini linaloharibu hesabu hii safi. Kwenye foleni za Dar es Salaam, kipini kikiwa juu, mwizi anafungua mlango wa nyuma na kuondoka na mkoba. Mimi binafsi hufanya hivi: loki ya mtoto iko imefungwa daima nikiwa na wajukuu, vipini nabonyeza ninapoingia kwenye foleni, na navivuta juu nikitoka kuelekea barabara kuu, ambako ajali ni mbaya zaidi na wezi wa mkoba ni wachache. Ni kazi ya ziada, na siku nyingine nasahau. Wewe wa Tanga foleni zako si za Ubungo, kwa hiyo nadhani vipini juu ndiyo iwe kawaida yako.

Sasa hilo la kung'oa vishikio. Namwelewa fundi, ni njia ya dakika kumi na inatibu dalili. Ila hebu fikiria siku kishikio cha nje kitakapokatika, na kwenye magari haya hukatika. Mlango hautakuwa na njia yoyote ya kufunguka, na kuutoa mkeka wa mlango, lile bamba linaloufunika kwa ndani, mlango ukiwa umefungwa ni kazi ya kumtoa fundi jasho. Pili, mtu mzima akikaa nyuma hatajua kwamba hakuna kishikio hadi atakapokitafuta gizani. Tatu, vishikio vilivyong'olewa hupotea. Nakuhakikishia, ndani ya mwaka vitakuwa kwenye kopo fulani la misumari lisilojulikana lilipo. Kufunga mlango kwa waya au kamba, ambako nimekuona kwenye magari ya heshima kabisa, ni kubaya zaidi: hapo hata mwokozi wa nje umemfungia.

Kama kiswichi hakipo au kimekufa, kuna njia mbili ambazo ningekubali. Ya kwanza, na ndiyo ninayoipenda, ni kutafuta kitasa kizima cha mlango wa nyuma kutoka W123 nyingine iliyochinjwa. Zilikuwa nyingi mno nchini, spea za kutumika bado zinapatikana. Ya pili ni kumwambia fundi afungue mkeka wa mlango na kuitenganisha rodi ya kishikio cha ndani pale inapoingia kwenye kitasa. Kimsingi ameunda loki ya mtoto ya kudumu. Ni sawa, kwa masharti: rodi iliyoachiwa ifungwe vizuri mahali pamoja ndani ya mlango, isije ikacheza na kugusa mashine ya kioo au, baya zaidi, kuganda dhidi ya rodi ya kishikio cha nje, klipu yake ihifadhiwe humo humo mlangoni, na iandikwe kwenye daftari la gari ili mwenye gari wa baadaye asidhani kimeharibika. Faida ya njia hii ni kwamba inarudishika. Hasara ni kwamba huwezi kuizima kwa kidole siku unapobeba watu wazima.

Na siku hiyo itakuja. Mimi mwaka mmoja nilimpeleka mama mkwe kwenye msiba, yeye kiti cha nyuma kama inavyostahili. Tulipofika nilishuka, nikapokewa, nikaanza kupeana mikono na wazee, salamu ndefu za msibani. Baadaye kidogo mtu akaniuliza ni nani yule anayegonga kioo. Loki ya mtoto ilikuwa imefungwa pande zote mbili, naye kwa heshima zake hakutaka kupiga kelele msibani. Alinisamehe, lakini hadi leo akipanda gari langu huuliza kwanza.

Kuna kitu kimoja cha 240D nataka nikuulize kwa sababu kinaweza kukusaidia kuujua ugonjwa wa mlango. Ukizima ufunguo, injini inazimika mara moja, au inaendelea kunguruma sekunde kadhaa? Benzi za dizeli za wakati huo huzimwa kwa mvuto wa hewa, na kwenye zile zenye mfumo wa kufunga milango yote kwa pamoja, milango nayo hutumia mvuto huo huo kutoka pampu moja, kwa vimirija vyembamba vinavyopita hadi ndani ya kila mlango. Kimirija kikipasuka mlangoni, injini ndiyo inayokataa kuzimika. Watu wamefungua pampu za dizeli kwa maradhi yaliyokuwa ndani ya mlango wa nyuma. Kwa hiyo kama fundi atafungua mkeka kwa ajili ya kitasa, aangalie na vimirija kwa mkupuo huo. Vimirija hivyo havihusiani na loki ya mtoto, ambayo ni chuma kwa chuma na haijui habari za mvuto.

Nimekaa sana mlangoni, nawe hukuniambia lolote kuhusu mikanda. Mkubwa alimdaka mdogo kwa shati. Maana yake mdogo hakuwa amefungwa. Sikugombezi, magari mengi ya umri huu yaliyofika kwetu hayakuwa na mikanda ya nyuma, au ilikuwapo ikapotelea chini ya kiti. Lakini nikipewa kuchagua kati ya mlango usio na loki ya mtoto na mtoto aliyefungwa vizuri, na mlango wenye loki na mtoto anayerukaruka, nachukua wa kwanza bila kufikiri. Inua kiti cha nyuma uone kama kuna mikanda iliyolala huko, au mashimo yenye nyuzi za boliti kwenye bodi yenyewe, chini na kwenye nguzo nyuma ya mabega. Hayo ndiyo mahali pake. Fundi asitoboe bati popote anapopenda na kufunga mkanda kwa boliti ya kawaida. Bati hilo litachanika siku ya kazi. Mkubwa wako anahitaji kiti cha kumwinua na mkanda wa pointi tatu, unaopita begani na kiunoni. Mdogo anahitaji kiti chake chenye mikanda yake yenyewe, na kama nyuma mna mkanda wa kiunoni peke yake, nunua kile ambacho maelezo yake yanasema wazi kwamba kinakubali mkanda wa kiunoni. Vile vinavyohitaji ndoano za ISOFIX, zile za kukinasa kiti moja kwa moja kwenye bodi, achana navyo, gari lako lilizaliwa kabla yake.

Wengine wanaosoma hapa wana magari ya aina nyingine, nami nitawagusia kwa ufupi. Volkswagen za Kobe zina milango miwili, kwa hiyo mtoto wa nyuma hafikii kishikio. Hapo angalia mgongo wa kiti cha mbele kama unajifunga usianguke mbele. Kama una gari lenye milango inayofungukia mbele, bawaba zikiwa nyuma, kama Fiat 500 za kabla ya 1965, uangalifu wako uwe mara mbili: mlango wa namna hiyo ukiachia kidogo gari likitembea, upepo unauvuta na kuufungua wote. Mlango wa kawaida upepo huurudisha. Hilo nalo huenda ndilo lililowasaidia ninyi siku ile.

Turudi kwako. Loki ya mtoto ikishafanya kazi, ina hatari yake mpya, nayo ni gari lililosimama. Mtoto aliye ndani hawezi tena kutoka mwenyewe. Jua la Tanga saa saba mchana juu ya gari la rangi nyeusi, vioo juu, halingoji umalize kununua samaki. Usiwaache ndani hata dakika moja. Nyumbani gari lifungwe na funguo zikae juu, maana gari la zamani uani ni uwanja wa kuchezea, na watoto wa jirani nao wanalijua. Mkubwa mfundishe kushusha kioo, kutoa mkono na kuvuta kishikio cha nje. Ndiyo, siku nyingine anaweza kutumia ujuzi huo kwa ujinga akiwa safarini. Mimi bado ningemfundisha, kwa miaka sita anaelewa akiambiwa kwa nini.

Yapo mambo ambayo hayafai kutibiwa kwa maandishi. Mlango ukifunguka tena hata mara moja baada ya ukaguzi huu, ukiona kutu imekula bati linaloshika kipokezi au bawaba, ukivuta kishikio cha ndani na cha nje na vyote vikawa vilegevu, au mlango ukigoma kabisa kufunguka, peleka gari gereji siku hiyo hiyo, na hadi litakapotengenezwa mtoto asikae upande huo. Mtafute fundi bodi mwenye umri kidogo, aliyewahi kuvua mkeka wa mlango wa W123 bila kuvunja klipu zake. Fundi umeme mwache, na yule mwenye wazo la kung'oa vishikio mpe kazi nyingine.

Na ukienda kutafuta kitasa cha kutumika, iwe huko Tanga au ukimtuma mtu mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, usiagize kwa simu. Chomoa chako ukibebe mkononi, maana cha kushoto hakiingii kulia na cha mbele hakifanani na cha nyuma. Kabla ya kulipa, fanya lile jaribio la bisibisi pale pale kaunta: tik, tak, kisha usogeze kiswichi na kuvuta kijiti cha ndani. Muuzaji atakutazama kwa mashaka. Mwache atazame.